Kuandaa harusi Kathonzweni bila kuingia madeni

KATHONZWENI ni mji mdogo wa biashara katika Kaunti ya Makueni, kilomita zipatazo 20 kutoka Wote, kando ya barabara inayoteremka hadi Makindu. Hauna ufuo wa bahari wala hoteli za kifahari. Hata hivyo, vijana waliozaliwa huko na ambao sasa wanafanya kazi Nairobi, Mombasa au ng'ambo hugeuza macho upande huo siku ya harusi inapokaribia, na mara nyingi sababu kuu huwa ni fedha.

Harusi inayowatoa wageni mjini na kuwalaza mbali imezoeleka kuhusishwa na Diani, Watamu au Naivasha, ambako kila kitu hulipiwa, kuanzia kiti hadi kivuli cha mnazi. Kuipeleka nyumbani Ukambani ni jambo tofauti. Uwanja ni wa baba, mbuzi ni wa zizini, na majirani ndio wapishi.

Gharama hupungua, lakini si kwa kila mtu. Zipo gharama ambazo mjini hazionekani na ambazo hujitokeza mara tu harusi inapohamia mashambani, hasa usafiri, maji na malazi. Wasiozihesabu mapema hurudi Nairobi wakiwa na deni sawa na la waliofanyia harusi yao Karen au Limuru.

Mnamo Januari 2017, wapenzi wawili jijini Nairobi waligonga vichwa vya habari nchini na ng'ambo baada ya kufunga ndoa kwa gharama ya Sh100 pekee, bei ya pete mbili. Kabla ya hapo walikuwa wameahirisha harusi yao kwa kukosa fedha. Wiki chache baadaye wahisani waliwaandalia sherehe ya kifahari Siku ya Wapendanao, na kwa kufanya hivyo wakazima funzo lenyewe: ndoa ilikuwa imekwisha kukamilika kwa zile Sh100.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wapangaji wa harusi ya Kathonzweni wanapaswa kulitenga. Kuna ndoa, na kuna karamu. Ndoa ina gharama ndogo na haiwezi kuachwa. Karamu ina gharama kubwa na inaweza kupunguzwa, kuahirishwa au hata kuachwa kabisa.

<b>Ntheo kwanza</b>

Kwa Wakamba, ndoa haianzi kwa shela wala keki. Huanza kwa ntheo, yaani mbuzi wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana kuwa muhuri wa makubaliano ya koo mbili. Kwa kawaida huwa watatu, ingawa utaratibu hutofautiana kidogo kati ya ukoo na ukoo. Mahari yenyewe, ngasya, ni suala jingine ambalo huweza kulipwa polepole kwa miaka mingi.

Eugene Cotran, mwanasheria aliyekusanya sheria za kimila kuhusu ndoa za jamii za Kenya katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1968, alieleza kwamba kwa mila za Wakamba hakuna ndoa halali kabla ya mbuzi wa ntheo kuchinjwa. Maandishi hayo yangali yanarejelewa na mahakama za Kenya katika kesi za urithi na zile za kuamua nani mwenye haki ya kumzika marehemu.

Sheria ya Ndoa ya 2014, iliyoanza kutumika Mei 20 mwaka huo, haikuondoa mila hizo. Inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Aidha, inaeleza kwamba pale mahari yanapohitajika ili kuthibitisha ndoa ya kimila, malipo ya kiasi kidogo kama ishara yanatosha.

Maana yake kwa mfuko wa kijana ni kubwa. Anayeambiwa na wajomba kwamba hawezi kuoa hadi amalize kulipa ng'ombe wote anaweza kujibu, kwa adabu inayostahili, kwamba hata sheria ya nchi haidai hivyo. Bila shaka wazee watajadiliana naye, na si busara kuwatajia vifungu vya sheria wakiwa bado wanakunywa chai. Mzee wa ukoo anayeheshimika na pande zote mbili ndiye anayefaa kulieleza jambo hilo.

Upo pia uwezekano wa kuunganisha safari. Sehemu kubwa ya Makueni ya chini ilikaliwa na familia zilizohamishwa kutoka milima ya Machakos iliyojaa watu, katika mpango wa makazi ulioanza miaka ya 1940. Kwa sababu hiyo, baadhi ya wazee wanaostahili kuwapo kwenye ntheo huenda wangali Mbooni au Kilungu. Ntheo ikifanywa Ijumaa na ibada ya kanisani ikawa Jumamosi, wazee hao husafirishwa mara moja badala ya mbili. Si kila ukoo utakubali, maana wapo wanaoshikilia kwamba ntheo ni shughuli ya wachache na haipaswi kuchanganywa na kelele za vipaza sauti.

<b>Tarehe na mvua</b>

Harusi nyingi za Ukambani hufanywa Agosti na Desemba, shule zinapofungwa na wafanyakazi wanaporudi nyumbani. Kila mwezi una faida na hasara zake.

Desemba, nusu ya ukoo huwa tayari imelipa nauli yake kuja kusherehekea Krismasi. Maembe ya Makueni huanza kuiva, na sharubati ya kuwatosha wageni wote hupatikana kwa gharama ya sukari na jasho la vijana. Hata hivyo, bei za nauli, mbuzi na kukodi mahema hupanda wakati huo huo, na mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tegemeo kuu la mkulima wa Ukambani, huwa hazijaisha.

Mvua hizo si jambo la kupuuza. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililokuwa limewabeba wanakwaya na wageni waliokuwa wakielekea harusini lilisombwa na maji ya Mto Enziu karibu na Mwingi, katika Kaunti jirani ya Kitui. Zaidi ya watu 30 walifariki. Basi lilikuwa likijaribu kuvuka daraja lililofunikwa na mafuriko.

Mito mingi ya Ukambani ni mchanga mtupu kwa miezi kadhaa, kisha hufurika kwa saa chache baada ya mvua kunyesha mbali milimani. Mgeni kutoka Nairobi hawezi kujua hilo kwa kutazama anga. Kwa hivyo kamati inayopanga harusi Novemba, Desemba, Machi au Aprili inapaswa kuuliza maswali mawili kabla ya kuchagua uwanja: je, kati ya barabara ya lami na boma kuna mto au kijito kisicho na daraja la juu? Na je, ibada ikicheleweshwa kwa saa nne, mpango utavurugika? Dereva anapaswa kuambiwa wazi, mbele ya abiria, kwamba hakuna atakayemlaumu akikataa kuvuka.

Agosti ni kinyume chake. Hakuna mvua, barabara ni kavu na mahema hayahitajiki kwa sababu nyingine ila jua. Lakini maji huwa haba, na maji ndiyo yanayoanza kula bajeti.

<b>Maji na chakula</b>

Tuseme wageni ni 300. Ukihesabu lita 10 kwa kila mmoja, kwa kupika, kunywa, kunawa na kuosha vyombo, zinahitajika lita 3,000. Hizo ni mitungi 150 ya lita 20. Punda mmoja hubeba minne kwa safari, kwa hivyo ni safari karibu 40 kwenda kisimani na kurudi. Familia nyingi huona ni nafuu kukodi lori la maji, mradi kuwe na tangi la kuyapokea. Boma lenye tangi la mvua lililojaa tangu Mei limeokoa fedha nyingi, na ni jambo la kuulizwa hata kabla ya kuuliza lilipo kanisa.

Idadi hiyo ya 300 nayo inahitaji maelezo. Harusi ya kijijini haina mlinzi langoni anayekagua kadi. Jirani haalikwi, huja, na kumrudisha ni aibu itakayokumbukwa kizazi hadi kizazi. Wanaopanga kwa watu 150 wajue kwamba huenda wakawalisha mara mbili ya hao.

Wapo wanaotatua tatizo hilo kwa kutenga hema la wageni mashuhuri wenye pilau, kuku na soda, huku wanakijiji wakipewa chakula hafifu upande wa pili wa ua. Mpango huo hauokoi chochote cha maana, na huacha uchungu. Ni afadhali kila mtu ale chakula kimoja kilicho chema.

Chakula hicho kipo tayari. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na mbaazi, maharagwe au pojo, ndicho chakula cha heshima cha Wakamba, na viungo vyake vyote hulimwa Makueni. Wanawake wa kijiji wanajua kukipikia mamia ya watu bila kuuliza vipimo. Mpishi wa kukodiwa kutoka mjini huwa hajui, na ndiye atakayelipwa zaidi.

Kuhusu nyama, hesabu si ngumu. Robo kilo kwa kila mtu ni kilo 75 kwa watu 300. Mbuzi wa kawaida akichinjwa na kuchunwa hutoa kilo 12 hadi 15, kwa hivyo wanahitajika kati ya watano na saba. Ng'ombe mmoja wa kienyeji mwenye afya huzidi kiwango hicho. Familia isiyo na mifugo ya kutosha inaweza kununua katika soko la mifugo la Kathonzweni lenyewe, tena wiki tatu au nne kabla ya sherehe, ili mnyama apate muda wa kunona na mnunuzi asilazimike kukubali bei yoyote anayotajiwa. Afisa wa mifugo anapaswa kukagua nyama kabla haijaingia sufuriani, kwani ugonjwa wa kimeta haujali kwamba leo ni harusi.

Pombe ni suala la familia na kanisa. Makanisa mengi ya eneo hili hayaikubali katika sherehe zake. Wamisionari wa African Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza nchini huko Nzaui, ambako leo ni Makueni, Desemba 1895, na msimamo wao kuhusu kileo uliota mizizi. Wazee wa ntheo huenda wakatarajia kaluvu, pombe ya asali. Familia zenye busara humaliza jambo hilo siku ya ntheo ili mchungaji asilikute Jumamosi.

<b>Safari na malazi</b>

Hapa ndipo penye gharama kubwa zaidi, na ndipo kamati nyingi hukosea. Hukodi mabasi ya kuwaleta wageni wote kutoka Nairobi, kisha mabasi hayo hufika yakiwa na viti vitupu kwa sababu wengi wamekuja na magari yao au wameghairi. Ni vyema kumtaka kila mgeni alipe nauli yake wiki mbili mapema. Atakayelipa atakuja. Atakayesita ahesabiwe kuwa hayupo. Fedha za kamati zitumike kuwaleta wazee, wanakwaya na wasiojiweza pekee.

Wengine hukodi mabasi ya shule, ambayo mara nyingi ni nafuu. Kabla ya kulipa, sharti ionyeshwe bima inayowahusu abiria wa kukodi, na makubaliano ya saa ya kurudi yaandikwe. Safari ya kurudi Nairobi usiku baada ya siku nzima ya kucheza haifai kuruhusiwa, hata kama wageni wataimba nyimbo za kuomba.

Wageni kutoka Mombasa wanaweza kutumia treni inayosimama katika stesheni za kaunti, ambayo hupitia Kibwezi na Emali, kisha kumalizia safari kwa matatu. Treni hiyo huondoka asubuhi, kwa hivyo mgeni anayeitegemea aje siku moja kabla. Basi la barabara kuu humshusha Makindu, na kutoka hapo huendelea na safari hadi Kathonzweni.

Nyumba za wageni zipo Wote, Makindu na Emali, na ni vyema kuzihifadhi kwa makundi, maana bei ya vyumba kumi hujadiliwa na bei ya chumba kimoja haijadiliwi. Hekalu la Sikh lililoko Makindu, ambalo lilianzishwa mwaka wa 1926, linajulikana kwa kuwapa wasafiri wa dini zote chakula na malazi bila malipo. Msafiri aliyechoka anakaribishwa. Hata hivyo, ni mahali pa ibada, pasiporuhusiwa nyama, tumbako wala kileo, na kamati inayopanga kuwarundika wageni wake huko ili kuokoa fedha itakuwa imekosa haya.

Waliobaki hulala kwa majirani. Hii ndiyo njia nafuu kupita zote, na huhitaji tu magodoro, vyandarua na mtu mmoja mwenye daftari anayejua nani analala wapi. Familia itakayowapokea ipelekewe unga, sukari na majani ya chai kabla ya wageni kuwasili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini wa harusi huondoka Jumapili.

<b>Kamati na mfuko</b>

Kamati za harusi zina sifa njema na mbaya. Harambee imewawezesha wengi kuoa ambao wasingeweza peke yao. Lakini mikutano ya kila wiki katika mkahawa wa Nairobi, kila mmoja akiagiza chai na samosa kwa gharama ya mfuko, imeteketeza michango mingi kabla ya kufika Ukambani. Mikutano mitatu inatosha, nayo ifanyiwe nyumbani kwa mmoja wao.

Ahadi si fedha. Kamati ipange matumizi kwa kiasi kilichopo mkononi wiki tatu kabla ya siku yenyewe, na isikope kwa kutegemea ahadi wala zawadi. Mikopo ya simu imerahisisha kosa hili mno: bwana harusi huhitaji dakika mbili tu kuchukua deni ambalo litamla kwa mwaka mzima wa kwanza wa ndoa.

Michango ya vitu ni bora kuliko ya fedha, hasa kijijini. Ukoo unaoombwa Sh50,000 utasuasua. Ukoo huo huo ukiombwa magunia mawili ya mahindi, debe la pojo na mbuzi wawili, hukubali siku hiyo hiyo.

Yapo mambo ambayo hayastahili kupunguzwa: maji safi, choo cha kutosha, kivuli kwa wazee na gari la dharura lenye mafuta. Keki ya ngazi saba inaweza kuwa ya ngazi moja bila mtu yeyote kuumwa. Mnamo Julai 2020, serikali iliporuhusu harusi kufanywa kwa watu wasiozidi 100 kutokana na janga la corona, maelfu ya Wakenya walioana kwa sherehe ndogo. Ndoa hizo hazikuwa pungufu.

<b>Cheti</b>

Wanaofunga ndoa kanisani wanapaswa kuhakikisha kwamba kasisi au mchungaji ana leseni ya Msajili wa Ndoa. Wapo wahubiri wengi wasio nayo, na cheti chao hakina nguvu. Aidha, makanisa huhitaji muda wa kutangaza ndoa, na mengi hudai ithibati kwamba wazazi wamekubali, kwa hivyo mchungaji aonwe miezi mitatu kabla.

Kwa ndoa ya kiserikali, notisi hutolewa kwa msajili si chini ya siku 21 kabla. Ndoa hiyo hufungwa mahali anapoamua msajili, hivyo wanaotaka ifungiwe bomani wakubaliane naye mapema. Iwapo mmoja wao si Mkenya, atahitaji hati kutoka nchi yake inayoonyesha kwamba hana kizuizi cha kuoa au kuolewa.

Waliofanya ntheo pekee ndio walio katika hatari zaidi, kwa sababu wengi hudhani safari imeisha. Sheria inawataka wamwarifu msajili katika muda wa miezi mitatu baada ya kukamilisha mila. Taarifa hiyo hueleza mila iliyofuatwa, pamoja na tamko la maandishi la wawili hao kwamba masharti yake yalitimizwa, na hutiwa sahihi au alama za vidole na mashahidi wawili watu wazima waliotekeleza jukumu muhimu katika sherehe. Kisha wawili hao huomba cheti katika muda wa miezi sita tangu kuoana, na wote wawili hulazimika kufika mbele ya msajili.

Uzito wa karatasi hiyo umeongezeka tangu Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba kudhaniwa kuwa mume na mke kwa sababu tu ya kuishi pamoja muda mrefu kutakubaliwa katika hali chache mno. Mwanamke aliyekaa miaka ishirini bila cheti, na ambaye wazee waliokula mbuzi wake wa ntheo wamekwisha kufariki, ana kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba aliolewa pindi shamba linapogawanywa.

Kwa sababu hiyo, sahihi za mashahidi zichukuliwe Jumamosi hiyo hiyo, wazee wakiwa bado chini ya hema, kabla ya basi la Mbooni kuondoka. Maombi ya cheti huanzishwa kupitia mtandao wa eCitizen, na ada yake hulipwa kwa simu.